Kumi Bora za Katibu wa Ligi: Namna ya Kuweka Msimamo Usiobishiwa

Kila mtaa wenye kiwanja una ligi, kila ligi ina katibu, na kila katibu ana simu inayolia saa nne usiku: "Katibu, tumeshinda mechi nne, mbona tuna pointi kumi na moja?" Ukiwa na daftari lililofutwafutwa, jibu huna. Ukiwa na jedwali lililopangwa vizuri, jibu ni picha moja ya skrini, na aliyepiga analala kwa amani.

Makala haya ni yako, katibu. Fomula zilizomo zimeandikwa kwa mtindo wa Excel. Karibu zote zinafanya kazi pia kwenye Google Sheets, na kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure, ingawa humo alama na majina machache ya menyu yanaweza kutofautiana. Sheria mama ni moja: wewe unaandika matokeo, msimamo unajipanga wenyewe. Fungua shiti ya kwanza, iite Matokeo. Ya pili iite Msimamo. Kwenye Matokeo mkono wako unaingia. Kwenye Msimamo hauingii, hata mwenyekiti akipiga meza. Pointi iliyochapwa kwa mkono haina shahidi, na mpira wa mchangani tayari una mashahidi wa uongo wa kutosha.

Tunahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Simba kaeni kulia, Yanga kushoto, Azam mje na lambalamba zenu. Twende.

10. Safu nane zinatosha

Baada ya jina la timu weka mechi, ushindi, sare, vipigo, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, tofauti ya magoli na pointi. Basi. Mashabiki wameuzoea mpangilio huu kwenye televisheni na magazetini. Macho yao yanajua pa kwenda. Mechi ni ushindi ukijumlisha sare na vipigo. Tofauti ni kufunga ukitoa kufungwa. Katika safu zote nane, unazojaza kwa mkono ni sifuri.

Akitokea mjumbe anayetaka safu ya "timu yenye mashabiki wengi", mrudishe kijiweni. Kesi hiyo inasikilizwa huko tangu enzi za babu zetu na bado haijatolewa hukumu.

9. Timu moja, jina moja

Yanga, Yanga SC, Young Africans, Wananchi, Timu ya Jangwani: shabiki anaona klabu moja iliyozaliwa 1935. Excel inaona timu tano, na kila moja inapewa vipande vya pointi za mwenzake. Herufi kubwa na ndogo haziisumbui. "Simba" na "SIMBA" kwake ni mnyama yuleyule. Kinachoisumbua ni nafasi tupu uliyoiacha bila kujua baada ya herufi ya mwisho. Hiyo haionekani kwa macho, lakini inatosha kumwacha Mnyama nje ya zizi.

Dawa: andika majina yote mara moja kwenye shiti ya pembeni, kisha kwenye menyu ya Data chagua Data Validation, ili kila seli ya jina la timu ifungue orodha ya kuchagua. Kuanzia hapo huchapi jina tena, unalichagua. Majina ya utani yabaki jukwaani, yanakopendeza zaidi.

8. Usiruhusu matokeo yageuke tarehe

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walimfunga Simba mabao matano kwa moja. Mwenyeji alikuwa Simba, kwa hiyo unaandika 1-5. Sasa chapa 1-5 kwenye seli moja na ubonyeze Enter. Kompyuta iliyopangiwa tarehe kwa mtindo wa Uingereza itakuonyesha siku ya kwanza ya Mei. Watu wa Msimbazi wanaletewa Mei Mosi badala ya kipigo! Wananchi hawatakubali, na safari hii haki iko upande wao.

Hata maabara zimeonja joto hilo. Jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa kuwa Machi na Septemba kwenye majedwali ya watafiti, mpaka wenye mamlaka ya kutoa majina ya jeni wakaamua kuzibadilisha. Miongozo yao ikatoka 2020: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Jeni zimebadilisha majina, Excel imebaki na tabia yake.

Wewe huhitaji kubadilisha jina la mtu. Tumia seli mbili: magoli ya mwenyeji kwenye yake, ya mgeni kwenye yake. Ungehitaji hivyo kwa vyovyote vile, kwa sababu Excel inaweza kujumlisha 5, lakini haiwezi kujumlisha "1-5".

7. Kiporo si sare tasa

Hapa ndipo majedwali mengi yanapovunjika mguu. Umeandika ratiba nzima ya msimu, nafasi za magoli zikiwa tupu. Fomula inauliza: magoli ya mwenyeji yanalingana na ya mgeni? Tupu na tupu zinalingana. Basi ni sare, pointi moja moja! Wachezaji bado wako nyumbani wanakunywa chai, pointi zimeshagawiwa.

Fikiria dabi ya Kariakoo ya msimu wa 2024-25. Ilipangwa tarehe 8 Machi 2025, ikaahirishwa, ikachezwa tarehe 25 Juni. Yanga walishinda 2-0 na kubeba ubingwa. Jedwali lenye ugonjwa huo lingekaa zaidi ya miezi mitatu likiwagawia watani pointi za mchezo ambao hakuna mtu aliyeuona.

Kwenye Matokeo, acha safu A iwe tarehe, B mwenyeji, C magoli yake, D magoli ya mgeni, E mgeni mwenyewe. Safu F iwe ya hukumu, na fomula yake ni hii:

=IF(OR(C2="",D2=""),"",IF(C2>D2,"N",IF(C2<D2,"U","S")))

Yaani: nafasi mojawapo ikiwa tupu, nyamaza. Mwenyeji akiwa na mengi, N ya nyumbani. Mgeni akiwa na mengi, U ya ugenini. Yakilingana, S ya sare. Sasa kwenye Msimamo, idadi ya ushindi wa timu iliyo kwenye A2 ni:

=COUNTIFS(Matokeo!B:B,A2,Matokeo!F:F,"N")+COUNTIFS(Matokeo!E:E,A2,Matokeo!F:F,"U")

Isome kama mtu anayehesabu kwa vidole: mara ngapi timu hii ilikuwa mwenyeji na hukumu ikawa N, jumlisha mara ngapi ilikuwa mgeni na hukumu ikawa U. Sare na vipigo vinafuata njia hiyohiyo, na magoli unayapata kwa SUMIF. Kiporo kikae kwenye ratiba kikisubiri siku yake. Kikipashwa moto, pointi zitakuja zenyewe.

6. Thamani ya ushindi ipe seli yake

Uingereza ilianza kutoa pointi tatu kwa ushindi msimu wa 1981-82, kwa msukumo wa Jimmy Hill. Kombe la Dunia lilifuata 1994 kule Marekani. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa pointi mbili, na sare ilikuwa na heshima kubwa.

Watazame Perugia wa Italia msimu wa 1978-79. Mechi 30, hawakufungwa hata moja. Walishinda 11, wakatoa sare 19, wakapata pointi 41. Milan walifungwa mara tatu, ila walishinda 17 na sare zao zikawa 10: pointi 44 na ubingwa. Kwa hesabu ya sasa Milan wangekuwa na 61 na Perugia 52. Pengo la pointi tatu linakuwa tisa, na vijana ni walewale, magoli yaleyale.

Kwa hiyo usiifiche namba 3 ndani ya fomula. Andika 3 kwenye seli L1 na 1 kwenye L2, kisha pointi ziwe =C2*$L$1+D2*$L$2, ukichukulia ushindi uko safu C na sare safu D. Mzee wa kamati akisema enzi zake timu yake ingebeba kombe kila mwaka, badilisha 3 iwe 2 mbele yake. Msimamo wote unajipanga upya papo hapo. Mpe kiti asome mwenyewe.

5. Pointi za mezani zina shiti yake

Msimu wa 2022-23 Juventus walivuna uwanjani pointi 72. Wakapokwa 10, wakamaliza na 62 katika nafasi ya saba. Safari yenyewe ilikuwa ya mizunguko: Januari walinyang'anywa 15, Aprili wakarudishiwa, Mei wakakatwa 10. Msimu uliofuata Everton walikatwa 10 mwezi Novemba, adhabu ikapunguzwa hadi 6, kisha wakaongezwa 2 nyingine. Katibu aliyekuwa akifuta na kuandika juu yake angemaliza msimu bila kujua kilichotokea.

Fungua shiti ya tatu, iite Maamuzi: tarehe, timu, pointi, sababu. Adhabu ya pointi tatu inaandikwa -3. Ikirudishwa, usiifute, ongeza mstari wa pili wenye 3. Kisha kwenye fomula ya pointi ongeza SUMIF inayojumlisha mistari ya timu hiyo kutoka Maamuzi. Timu isiyotokea uwanjani nayo inapata mstari wake kwenye Matokeo, 3-0 kwa aliyekuja, kama kanuni za FIFA zinavyoelekeza kwa mchezo wa kupoteza mezani.

Mtu akipokwa pointi ana haki ya kusoma lini, ngapi na kwa nini. Akisoma akakuta sababu ni kuchezesha mchezaji aliyesajiliwa na timu mbili, hapo na yeye atazame viatu vyake.

4. Tofauti ya magoli: kutoa, si kugawanya

Msimu wa 1923-24 huko Uingereza, Huddersfield Town na Cardiff City walimaliza na pointi 57 kila mmoja. Huddersfield walikuwa wamefunga 60 na kufungwa 33. Cardiff wamefunga 61 na kufungwa 34. Toa: wote 27. Lakini wakati ule walikuwa wanagawanya, kufunga kwa kufungwa. Huddersfield 1.818, Cardiff 1.794. Ubingwa ukaenda Huddersfield kwa nukta. Kwa kanuni ya kutoa na kisha kutazama magoli ya kufunga, bingwa angekuwa Cardiff, ambao siku ya mwisho walikosa penalti katika sare tasa. Uingereza iliachana na kugawanya mwaka 1976. Na wewe usikurudie: timu ambayo bado haijafungwa itakuletea #DIV/0!, na kipa wake hataelewa kwa nini uhodari wake unaitwa kosa.

Kutoa nako hakumalizi kila kesi. Tarehe 26 Mei 1989 Arsenal walikwenda Anfield wakihitaji ushindi wa mabao mawili. Michael Thomas akafunga la pili dakika za majeruhi. Arsenal pointi 76, Liverpool 76. Tofauti 37, na 37. Magoli ya kufunga: Arsenal 73, Liverpool 65. Kwisha.

Ili Excel ipange hivyo bila kukuuliza, tengeneza safu ya kupimia kwenye J: =I2*1000000+H2*1000+F2, yaani pointi, kisha tofauti, kisha kufunga, zote ndani ya namba moja. Arsenal wanapata 76,037,073. Liverpool 76,037,065. Drama yote ya usiku ule imekaa kwenye tarakimu mbili za mwisho! Kwa ligi ya timu 16, fomula =SORTBY(A2:I17,J2:J17,-1) itatandaza msimamo kuanzia kinara hadi mkia. Matoleo ya zamani ya Excel hayana SORTBY, wala Google Sheets haina. Humo tumia LARGE na MATCH, utafika kulekule kwa miguu.

3. Walipokutana, nani alimfunga nani?

Uhispania hawaanzi na tofauti ya magoli. Msimu wa 2006-07 Real Madrid na Barcelona walilingana kwa pointi 76. Barcelona walikuwa na tofauti ya 45, Madrid 26. Bingwa: Madrid, kwa sababu walipokutana walishinda 2-0 kwao na kutoa sare 3-3 Camp Nou. Messi alifunga yote matatu ya Barcelona siku hiyo na bado mizani haikuinama.

Ila kisa ambacho kila katibu wa Afrika anapaswa kukijua kilitokea Nelspruit, Oktoba 2011. Afrika Kusini walikuwa wakicheza na Sierra Leone mechi ya mwisho ya kufuzu AFCON ya 2012. Matokeo 0-0. Walikuwa na tofauti nzuri ya magoli, wakaamini sare inatosha, na mwishoni wakawa wanapasiana kuua dakika. Filimbi ilipolia, wakacheza na kushangilia uwanjani. Tiketi ilikuwa imeshakwenda Niger, waliofungwa 3-0 na Misri siku hiyohiyo.

Ilikuwaje? Niger, Afrika Kusini na Sierra Leone walikuwa na pointi tisa kila mmoja, na kanuni ya CAF ilisema: mkilingana, tazameni kwanza mechi zenu ninyi kwa ninyi. Niger alishinda moja na kupoteza moja dhidi ya kila mmoja wa wenzake, pointi sita. Afrika Kusini na Sierra Leone walitoka sare zote mbili, na kila mmoja alishinda moja na kupoteza moja dhidi ya Niger, pointi tano tano. Sita ni kubwa kuliko tano, na hapo hata ngoma ya Nelspruit haisaidii.

Kwenye jedwali lako, timu zikilingana, fungua shiti ndogo yenye timu hizo tu, unakili mechi zao tu, na utumie fomula zilezile. Timu mbili, mechi mbili. Timu tatu, mechi sita. Na kanuni utakayotumia iandike juu kabisa ya shiti kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, timu zote zikiwa bado na sifuri. Siku hiyo kila mtu ni mwungwana.

2. Kadi, na mwisho kura

Kombe la Dunia 2018, Urusi. Senegal na Japan: pointi nne kila mmoja, wamefunga manne, wamefungwa manne, na walipokutana walitoka 2-2. Wakahesabu kadi. Japan njano nne, Senegal sita. Senegal wakarudi nyumbani, timu ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia kutolewa kwa kadi. Kwa hiyo weka safu za kadi kwenye Matokeo tangu mechi ya kwanza. Usisubiri Aprili ndipo uanze kumtafuta mwamuzi wa Septemba.

Kadi nazo zikilingana, kura. AFCON 2015, Guinea na Mali walicheza mechi tatu kila mmoja, na zote, nasema zote, zikaisha 1-1. Kura ikapigwa Malabo, Guinea wakapita.

Usipige kura kwa fomula ya RAND. Inabadilika kila unapogusa seli yoyote. Utampa Kaka Juma nafasi ya nane bora, ukirekebisha herufi moja unamnyang'anya. Andika majina kwenye karatasi, zikunje, manahodha wote wawili wawepo, mtoto wa jirani achomoe. Kisha andika matokeo kwenye Maamuzi. Mtoto apewe soda, kazi aliyoifanya ni ya kimataifa.

1. Jedwali lijikague lenyewe

Hii ndiyo namba moja, na haina mpinzani. Mpira una hesabu zake ambazo hakuna katibu, mwamuzi wala mfadhili anayeweza kuzihonga. Kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwingine, kwa hiyo jumla ya ushindi ni sawa na jumla ya vipigo. Kila sare inaandikwa kwa timu mbili, kwa hiyo jumla ya safu ya sare haigawanyiki kwa mbili ikiwa tu kuna kosa. Kila goli la kufunga kwa mmoja ni la kufungwa kwa mwingine, kwa hiyo jumla ya tofauti zote ni sifuri. Simba walipomfunga Yanga 5-0 tarehe 6 Mei 2012, Msimbazi walipata jumlisha tano na Jangwani wakapata toa tano, ukijumlisha, sifuri. Nanyi Simba sasa mmepata yenu, tusinuniane.

Na pointi? Mechi yenye mshindi inatoa tatu, ya sare inatoa mbili. Ligi Kuu ya timu 16 ina mechi 240, kwa hiyo pointi haziwezi kuzidi 720, na kila sare inapunguza moja. Ligi ya mtaa yenye timu nane, nyumbani na ugenini, ina mechi 56. Zikichezwa 20, sita zikiwa sare, pointi zote lazima ziwe 54. Msimamo ukisema 55, kuna mtu anakula kisichokuwa chake. Ukisema 51, kuna timu imeporwa ushindi mzima, na mara nyingi ni ile nafasi tupu iliyojificha baada ya jina.

Fomula ya kukagua:

=IF(SUM(I2:I17)=$L$1*(COUNTIF(Matokeo!F:F,"N")+COUNTIF(Matokeo!F:F,"U"))+2*$L$2*COUNTIF(Matokeo!F:F,"S")+SUM(Maamuzi!C:C),"SAWA","KAGUA")

Upande mmoja unajumlisha pointi za timu, mwingine unahesabu mechi bila kujali majina. Njia mbili tofauti zikikutana mahali pamoja, una haki ya kuamini ulichonacho.

Haya yote ni kwa ajili ya timu iliyo mkiani. Bingwa ana mashabiki wa kumhesabia. Timu yenye pointi nne, inayokuja kiwanjani kwa bodaboda na jezi za kuazima, haina wa kuisemea isipokuwa jedwali, na pointi zake nne zinastahili uangalifu uleule wa pointi hamsini za kinara. Kwa hiyo Jumapili jioni, kabla ya kutuma chochote kwenye kundi la WhatsApp, soma seli hiyo. Ikisema KAGUA, usitume. Ikisema SAWA, tuma Msimamo na Matokeo kwa pamoja, na anayebisha aonyeshe mstari wenye kosa.